Anayetumwa Anadai Nini?

Kila mwaka ikifika Julai, maofisi ya Posta na Kivukoni yanapokea wageni. Utawatambua kwenye lifti: shati jipya ambalo bado lina mikunjo ya dukani, bahasha ya kaki yenye barua ya utambulisho kutoka chuoni, na macho yanayosoma kila kibao cha ukutani. Ni wanafunzi wa fildi. Chuo kimefunga, wao wana wiki nane za kujifunza kazi kwa vitendo, na bila wiki hizo hakuna kuhitimu. Ofisini hawaitwi wafanyakazi, na ni nadra hata kuitwa wanafunzi. Wanaitwa "watoto wa fildi".

Nami nilikuwa mtoto wa fildi, katika kampuni kubwa ya bima ambayo sitaitaja, kwa sababu ninachotaka kukisema hakiihusu hiyo peke yake. Swali langu ni hili. Mtu aliyepewa nafasi ya kujifunza kazi, kisha akaifanya kazi yenyewe bila malipo, ana haki ya kudai chochote? Au kilichobaki kwake ni kusema asante?

Jibu la haraka unalijua, msomaji. "Umepewa nafasi, halafu unataka na hela?" Nimelisikia likitoka kwa mabosi, kwa wazazi, hata kwa wanafunzi wenyewe. Lina nguvu kwa sababu limesimama juu ya jambo la kweli: aliyepewa anapaswa kushukuru. Linapoteleza ni pale linapodhani kwamba anayeshukuru hawezi kudai, na anayedai hana shukrani. Kana kwamba mdomo mmoja haubebi maneno mawili.

Tuanze na hilo neno, "watoto". Si tusi, na wanaolitumia wengi wana nia njema. Mtoto kwetu hutumwa. Jirani akikuona unacheza anaweza kukutuma chumvi dukani, na ukikataa habari inafika nyumbani kabla yako. Hakuna anayeona dhuluma hapo. Ndivyo tulivyolelewa, na mtoto anayetumika husifiwa mtaa mzima. Kwa hiyo mwanafunzi wa miaka ishirini na mbili anapotumwa kopi, chai, au vocha ya bosi, mwili wake unaitikia kabla akili haijauliza. Ameshazoea kutumwa na wakubwa.

Lakini hebu tuutazame utaratibu wenyewe mzima. Jirani yule anayekutuma chumvi, ukikutwa kwake saa ya kula unanawa mikono. Ukianguka ukachubuka goti, yeye ndiye anakuosha kidonda. Ukichelewa kurudi, anatoka nje kukutazamia. Anayekutuma amejiingiza mwenyewe katika orodha ya wazazi wako, na mzazi ana wajibu. Hata mjumbe anayekwenda kwa adui ana haki yake, tunasema mjumbe hauawi. Kwa desturi yetu, basi, kutumwa si kutoa tu. Ni mapatano yenye pande mbili ambayo hayajaandikwa popote, na kila mtu anayajua.

Kampuni inapowaita vijana "watoto", inachukua nusu ya kwanza ya desturi hiyo, ile ya kutuma. Nusu ya pili inaiacha mtaani. Saa saba mchana wakubwa wanashuka kula, na mtoto anabaki na faili lake na shilingi zake za kuhesabu.

Mzizi wa neno lenyewe umebeba mengi. Kutoka kwenye kutuma tumepata kutumia, matumizi, mtumishi, utumishi, mtume na mtumwa. Mtume na mtumwa wote wawili wametumwa. Kinachowatenganisha ni jinsi aliyewatuma anavyowachukulia: mmoja amebebeshwa neno pamoja na heshima ya mwenye neno, mwingine amebebeshwa mzigo basi. Lugha imewaweka karibu hivyo, nadhani, ili tuwe waangalifu.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alisema utu wa mtu usichukuliwe kamwe kuwa njia tu ya kufikia lengo fulani, bali uchukuliwe kila mara kuwa lengo pia. Wengi wanadhani alikataza watu kutumiana. Hapana. Dereva wa daladala namtumia nifike kazini, naye ananitumia apate hesabu ya tajiri, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Uzito wote umekaa kwenye lile neno "tu". Swali la fildi si kama kijana anatumiwa, maana kila anayefanya kazi anatumiwa. Swali ni kama amefika mahali anatumiwa tu.

Mimi nilipangiwa idara ya madai. Mteja amepata ajali, analeta fomu ya madai, ripoti ya polisi, nakala ya leseni ya dereva, kadi ya gari, picha za gari na makadirio ya gereji. Kazi yangu ilikuwa kuangalia kama faili limekamilika, kuliingiza kwenye Ekseli, kulipiga skani, na kulirudisha kabatini kwa namba yake. Kulikuwa na mafaili ya nyuma ambayo hayajaingizwa, yamerundikwa chumba cha ndani mpaka mlango haufunguki wote. Tulikuwa watoto watatu. Tukaambiwa tuanze na hayo.

Wiki ya kwanza nilijifunza kuliko muhula mzima wa darasani. Nilijua tofauti ya bima ndogo na bima kubwa kwa kuona sura za watu: mwenye bima ndogo anafika kaunta akidhani gari lake litatengenezwa, anaambiwa bima yake inamlinda yule aliyemgonga, si yeye. Nilijua kwamba bima haikutajirishi, inakurudisha pale ulipokuwa dakika moja kabla ya ajali, ndiyo maana gari lililochoka halilipwi kwa bei ya gari jipya. Nilijua kwamba mteja akificha jambo kubwa wakati anakata bima, dai lake linaweza kufa hata kama ajali ni ya kweli.

Aliyenifundisha yote hayo ni mama mmoja wa idara ile, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, aliyeitikia shikamoo zetu tatu kila asubuhi kwa utulivu kama vile ndiyo ya kwanza siku hiyo. Hakupewa muda wa kutufundisha. Alikuwa anaukata kwenye saa yake ya chakula. Na kulikuwa na jambo moja alilokuwa analisema kwa wateja ambalo mpaka leo sijalisahau. Mtu akija kaunta na sauti ya chini, "naomba mnisaidie mama yangu, gari ndiyo riziki," yeye anamrekebisha palepale: "Baba, hii si sadaka. Ulilipia. Wewe dai."

Hakuwa anawafundisha watu kiburi. Wengi wao walimshukuru sana, na alizipokea shukrani zao. Alichokuwa anakataa ni haki ya mtu kuvalishwa nguo ya msaada. Kwa sababu ukishaiita msaada, anayetoa ndiye anayepanga lini, kiasi gani, na uinamie kiasi gani. Ukiiita haki, kuna karatasi, kuna tarehe, na kuna mahali pa kwenda ukinyimwa.

Sasa turudi kwenye mafaili. Wiki ya pili nilikuwa bado nauliza maswali. Wiki ya tatu niligundua kwamba siulizi tena. Faili la mia mbili halikuwa na kitu ambacho la ishirini halikuwa nacho. Mikono ilikwenda yenyewe. Daftari langu la kila siku, lile ambalo mwalimu wa chuo anakuja kulikagua, lilianza kurudia sentensi moja: leo nimeendelea kuingiza mafaili. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri, na kampuni ilikuwa inapata kitu ambacho ilikihitaji kwa muda mrefu. Mafunzo ndiyo yalikuwa yamekwisha. Wiki tano zilizobaki nilikuwa mfanyakazi.

Wahenga walikuwa na kipimo cha jambo hili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku zote methali hii tunaisoma kwa upande wa mwenyeji: mgeni asilemae, naye afanye kazi. Lakini isome kwa upande wa mgeni. Siku mbili za kwanza anakula cha watu, na anawiwa shukrani. Siku ya tatu anashika jembe. Tangu hapo si mgeni tena, ni mmoja wa wanaolima, na sijawahi kusikia nyumba ambayo mtu analima mchana halafu jioni anaambiwa yeye ni mgeni, asisogelee sufuria. Jembe linamwondolea mgeni uvivu na linampa fungu. Fildi ya wiki nane ilinipa jembe siku ya kwanza, na ikaniacha mgeni mpaka siku ya arobaini.

Mahakama za Marekani zimehangaika na swali hilihili. Mwaka 1947 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kesi ya kampuni ya reli iliyokuwa inawafundisha vijana kazi ya breki kwa takriban wiki moja bila malipo. Mahakama ikasema hawakuwa waajiriwa: hawakuchukua nafasi ya mfanyakazi yeyote, na kwa kweli uwepo wao ulikuwa unaichelewesha kazi ya reli badala ya kuiharakisha. Hiyo ni haki kabisa, kwa maoni yangu. Ni siku mbili za mgeni.

Miaka mingi baadaye, watu waliofanya mafunzo kwenye utengenezaji wa filamu ya Black Swan waliishtaki kampuni ya Fox Searchlight kwa kutolipwa. Shauri lilifunguliwa 2011. Mwaka 2013 jaji aliwakubalia kwamba walikuwa waajiriwa. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo na kuweka kipimo kipya: tazama nani ananufaika zaidi, kijana au kampuni. Kama ni kijana, huyo si mwajiriwa.

Kipimo hicho kinaonekana cha busara, lakini aliyekaa idara ya madai hawezi kukimeza kirahisi. Magari mawili yakigongana, mara nyingi kosa linagawanywa. Huyu alikimbia, yule hakuwasha taa, na kila mmoja anabeba sehemu yake. Hatusemi kwamba mwenye sehemu ndogo amefutiwa yote. Kwa nini basi faida isigawanywe vilevile? Tuseme mimi nilinufaika zaidi kuliko kampuni. Sawa. Hata hivyo kampuni nayo ilinufaika, na ile faida yake ndogo ilitoka kwenye mikono yangu. Ufaransa wameliweka jambo hili kwa kalenda: mafunzo ya mwanafunzi mahali pamoja yakizidi miezi miwili, sheria inalazimisha alipwe kiwango cha chini. Unaweza kubishana kuhusu miezi miwili, kwamba ni mingi au michache. Lakini wamekubali kwamba kuna siku ya tatu.

Najua kuna hoja za upande wa pili, na si za kupuuza.

Ya kwanza: kampuni inaingia gharama kumfundisha mtu. Ni kweli. Kijana mpya anaharibu karatasi, anauliza sana, anamchelewesha mtu mwenye kazi zake. Lakini tuulize gharama hiyo aliibeba nani. Kwa nilivyoona, kampuni haikupoteza hata saa moja. Aliyepoteza ni yule mama, na aliipoteza saa yake ya chakula. Kampuni ilikuwa inanidai shukrani kwa mali ambayo si yake.

Ya pili: ulikubali mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sikatai kuinama, lakini methali inamzungumzia mtu anayekitaka cha mvunguni kwa hiari yake. Fildi ni sharti la shahada. Usipoifanya huhitimu, na kampuni inajua kwamba huhitimu. Kukubali kwa mtu ambaye mlango wake ni mmoja ni kukubali kweli, ila hakumpi mwenye mlango ruhusa ya kuweka bei yoyote.

Ya tatu: mchumia juani hulia kivulini. Utalipwa na maisha, kuwa na subira. Hii ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu kwa baadhi yetu imekuwa kweli. Mimi leo nina kazi. Lakini katika wale watatu, kivuli hakikutufikia sote, na waliobaki juani walichuma sawasawa na mimi.

Ya nne ni ya gereji. Watu husema, mbona kijana wa saidia fundi naye halipwi na hakuna anayelalamika? Kwanza, wapo wanaolalamika, ila hakuna anayeandika malalamiko yao. Zipo gereji ambazo kijana anashika spana miaka mitatu na bado anaitwa mwanafunzi, na huo ni unyonyaji uleule wenye mafuta ya injini. Lakini fundi mwenye utu, hata akiwa hana kitu, mchana hukata chapati yake katikati. Jioni humpa kijana nauli na hela ya sabuni, maana anajua yule kijana kesho lazima arudi na lazima awe ameoga. Fundi ambaye ofisi yake ni kivuli cha mwarobaini ameweza kuona jambo ambalo jengo lenye lifti nne halikuliona.

Nauli ndiyo inayonirudisha kwa mwenzetu mmoja kati ya wale watatu. Mimi nilikuwa napanda gari mbili kwenda na mbili kurudi, shilingi 1,600 kwa siku. Chakula cha mama ntilie, wali maharage, shilingi 2,000. Kwa siku arobaini za kazi ni shilingi 144,000, na nilikuwa na kaka anayenisaidia. Waliokuwa na mkopo wa Bodi walipata fungu la fildi, ambalo nalo ni deni. Ukilitafakari utaona ajabu yake: kijana anakopa ili aweze kuifanyia kampuni kazi ya bure. Mwenzetu huyu hakuwa na mkopo wala kaka. Wiki mbili za kwanza alikuja kila siku, na yeye ndiye alikuwa mwepesi kuliko sisi sote. Alikuwa anaona kosa kwenye makadirio ya gereji kabla hujamaliza kufungua faili. Kisha akaanza kuja Jumatatu na Alhamisi. Akawa anasema anaumwa. Tulijua haumwi.

Mwisho wa fildi msimamizi wa kampuni anajaza fomu ya tathmini. Yake iliandikwa mahudhurio hafifu, na chini yake, kwenye sehemu ya maoni, kwamba hana moyo wa kazi. Zangu na za mwenzangu mwingine zilikuwa na neno zuri kuliko yote ambayo mtoto wa fildi anaweza kuandikiwa: anajituma.

Nimelitafakari sana hilo neno. Aliyeandika hakusema uongo, na hakuwa mtu mbaya. Alihesabu siku, na siku hazikuwepo. Lakini fomu ile ilipima nauli ikaandika tabia. Umaskini wa kijana uligeuzwa kuwa kasoro ya moyo wake, ukapigwa muhuri, ukatumwa chuoni. Hapo ndipo ninapoona kwamba suala la fildi si shilingi mbili tatu za vijana wenye tamaa. Kazi ya bure huchuja watu. Inapitisha wenye kaka na inawabakiza wasio na kaka, kisha inawaambia wote kwamba walichujwa kwa juhudi.

Sisi watatu tungelipiwa nauli na chakula kwa wiki zote nane, ingekuwa shilingi 432,000. Niliingiza kwa mikono yangu dai la kioo cha mbele cha gari moja lililozidi hapo.

Na hilo neno "anajituma" lina upande mwingine wa giza, ambao fedha peke yake haiuondoi. Ulaya na Marekani miezi hii ni majira ya joto, na makampuni makubwa huchukua vijana kwa utaratibu unaofanana na wetu, ila baadhi yao hulipa vizuri sana. Agosti 2013 jijini London, Moritz Erhardt, kijana Mjerumani wa miaka 21 aliyekuwa kwenye mafunzo ya majira ya joto katika benki ya Bank of America Merrill Lynch, alikutwa amekufa bafuni mahali alipokuwa anaishi. Magazeti yaliandika kwamba alikuwa amekesha kazini siku tatu mfululizo. Uchunguzi rasmi ulipomalizika Novemba, ilielezwa kwamba alikufa kwa kifafa, ugonjwa aliokuwa anautumia dawa. Uchovu huenda ulichangia, lakini halikuweza kuthibitishwa. Mwaka 2015 benki nyingine, Goldman Sachs, iliwaambia vijana wake wa majira ya joto wasiwe ofisini kati ya saa sita usiku na saa moja asubuhi.

Sitaki kusema zaidi ya uchunguzi ule ulivyosema. Ninalitazama tu lile katazo la 2015. Kwa nini mtu mzima, mwenye akili zake, anayelipwa, aambiwe kwa amri aende akalale? Kwa sababu yuko kwenye mizani muda wote. Anajua kila anayetazama anaweza kuwa ndiye atakayeamua. Hakuna bosi aliyemwambia akeshe, anajiambia mwenyewe. Anayetumwa na jirani anajua safari inaisha wapi: chumvi ikifika, umemaliza. Anayejituma hana wa kumwambia inatosha. Ndani yake kuna mtumaji asiyechoka, na huyo mtumaji hajui kupika wala kutoka nje kumtazamia.

Kwa hiyo dai la mtoto wa fildi si la posho peke yake. Ni dai la kuwekewa mpaka na mtu mwingine, kwa kuwa yeye katika hali ile hawezi kujiwekea. Nusu ile ya desturi iliyoachwa mtaani ilikuwa na chakula, na ilikuwa pia na mkubwa anayesema: nenda nyumbani mwanangu, giza linaingia.

Sasa lile swali la mwanzo, kushukuru na kudai. Kilichonichanganya kwa miaka ni kudhani kwamba vyote viwili vinaelekea sehemu moja. Ninapomshukuru yule mama, namshukuru mtu aliyenipa kitu chake ambacho hakulazimika kukitoa. Deni hilo sitalimaliza, na sitaki limalizike. Ninapodai, naidai kampuni, kwa kitu ilichokichukua. Shukrani hailipi dai, kama vile dai halifuti shukrani. Kampuni iliposimama mbele ya mlango wake ikizipokea asante zetu kwa niaba yake, ilikuwa inakusanya mali ya mtu mwingine, na wakati huohuo inazitumia asante hizo kutunyamazisha.

Leo nafanya kazi katika ofisi nyingine, ndogo zaidi, na bahasha za kaki zinafika mezani kwetu pia. Mwaka jana nilipendekeza tuwalipe wanafunzi nauli na chakula tangu siku ya kwanza, kwa kuwa anayetuma humlisha anayetumwa, na posho ndogo kuanzia wiki ya tatu, kwa kuwa kufikia hapo jembe liko mkononi. Nikaongeza kwamba jioni saa kumi na moja waondoke hata kama wanasema wanataka kubaki. Mzee mmoja wa uhasibu, mtu ninayemheshimu, akaniuliza kwa upole: "Kijana wangu, na sisi tulilipwa na nani?"

Hakuna aliyecheka, maana halikuwa swali la mzaha. Yeye alipita njia hiyo kwa mguu, na anaona kwamba tukiwarahisishia wa leo, tunasema mateso yake yalikuwa ya bure. Ndiyo mantiki ya bwenini: njuka anateswa na wakubwa, mwaka unaofuata anasubiri njuka wake. Nilimjibu nilivyoweza, kwamba uvumilivu wake ulikuwa wa thamani na ndiyo maana alipaswa kulipwa, na kwamba deni lake haliwezi kudaiwa kwa mtoto ambaye hakuwepo alipokopeshwa. Alinyamaza muda mrefu. Sijui kama nilimridhisha.

Nauli na chakula vilipita. Posho ilisogezwa mpaka bajeti ya mwaka huu. Kwenye fomu yetu ya tathmini nimeomba paondolewe pale pa kuandika kama kijana "ana moyo wa kazi", pawekwe swali ambalo msimamizi anaweza kulijibu kwa alichokiona: mwanafunzi huyu alifanya kazi gani, na alipokuwa hayupo, mlimuuliza kwa nini?